Boila Namba 1391

Siku Wyndham Prosser alipokuja kuomba kazi kwenye yadi yetu ya vyuma chakavu, nilikuwa juu ya kichwa cha treni nakata bomba la moshi, na nusura nijikate mguu. Nilifunga gesi, nikashuka ngazi mbiombio, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu, Ossie Latcham.

"Ukimwandika huyo, mimi naondoka."

Ossie alikuwa anakula mkate na jibini akiwa amesimama. "Haya, kwaheri. Ila rudi kwanza umalizie lile bomba. Umeliacha linaning'inia, litamwangukia mtu."

"Ossie, unamjua huyo ni nani?"

"Namjua. Ni dereva aliyeachishwa kazi kama wenzake wote, na anajua injini inafungukaje. Nina vichwa vya treni mia mbili na kumi na tatu hapa, Gethin. Ninyi wakataji mko saba, na wawili kati yenu huugua kila Jumatatu. Sasa nieleze vizuri, wewe unaondoka au unapanda ngazi?"

Nilipanda ngazi. Ilikuwa mwaka 1966, na pale Porthgarw, mji wetu wa bandari, kazi nyingine ilikuwa kuwauzia aiskrimu wageni wanaokuja baharini wakati wa kiangazi. Bandari ilikuwa imekufa. Reli zilizokuwa zikipokea makaa kutoka mabondeni zilikuwa tupu, hivyo vichwa vya treni vya mvuke vilivyostaafishwa vikaletwa hapo kutoka kila pembe, vikapangwa safu kwa safu, vikiota kutu kwa upepo wa chumvi. Injini za dizeli zilikuwa zimechukua nafasi yao. Sisi tulikuwa tunavila kidogo kidogo, lakini vilikuja kwa kasi kuliko tulivyoweza kuvimaliza.

Prosser nilimchukia, na niliona nina haki yote. Miaka tisa kabla ya hapo, asubuhi moja ya ukungu wa Novemba, alikuwa akiendesha injini ndogo ya kupangia mabehewa ambayo watu wa reli walimpa jina la Blodwen. Shemeji yangu Elfed Gronow alikuwa chini, kazi yake kufunga na kufungua minyororo ya mabehewa. Elfed alionyesha ishara ya kusimama. Blodwen akasimama. Elfed akainama, akaingia kati ya mabehewa mawili. Kisha Blodwen akasogea tena, hatua moja tu, na hatua moja ilitosha.

Kwenye uchunguzi Prosser alisema alifunga mvuke hadi mwisho. Wakaguzi waliijaribu injini mara tatu, haikusogea. Wakaandika kwamba dereva hakufunga mkono wa mvuke sawasawa. Hawakumfukuza. Walimshusha daraja, na tangu hapo hakuendesha tena treni ya abiria. Dada yangu Nesta alibaki mjane wa miaka thelathini na moja, na watoto wawili. Akimwona Prosser mtaani, alikuwa anavuka barabara. Mimi sikuvuka. Nilikuwa namwangalia usoni mpaka ainamishe macho.

Na sasa Ossie akanipanga naye.

"Mbona mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu hamtaongea. Watu wasioongea hukata vyuma vingi."

Alikuwa sahihi. Kwa wiki tatu maneno yetu yalikuwa "shika," "vuta," na "angalia kichwa." Prosser alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini na tatu, na mikono yake haikujua kutulia. Hata akisubiri chuma kipoe, vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga kitu ambacho hakipo. Wakati wa chai sisi wengine tulikaa juu ya magurudumu na chupa zetu, tukibishana kuhusu raga. Yeye alikunywa kikombe chake mara moja, akachukua brashi ya waya, akatokomea kati ya safu.

"Anaenda kuongea na wapenzi wake," mmoja wetu alisema.

"Mwache. Mke wake hamjibu, labda chuma kitamjibu."

Tulicheka, mimi zaidi ya wote. Lakini jambo lile lilianza kuniwasha. Hukuweza kukaa karibu na mtu yule bila kushikwa na wasiwasi wake. Nikiwa nyumbani nilijikuta nainuka mezani, nachungulia dirishani, narudi. Mke wangu akaniuliza kama nina minyoo.

Basi mchana mmoja nikamfuata. Nilimkuta kwenye safu ya nne, ndani ya chumba cha dereva cha injini ambayo haikuwa na paa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa tanuri, anasugua masizi na kutu kwa nguvu, kisha akasogeza uso karibu kama mtu asiyeona vizuri. Akasonya. Akatoa chaki, akapiga mstari mdogo ukutani, akashuka. Ndipo akaniona.

"Unaiba shaba," nikamwambia.

"Shaba yenyewe iko wapi? Mmeshaimaliza."

"Unatafuta nini basi?"

Alirudisha chaki mfukoni. Upepo ulikuwa unagonga bati fulani lililolegea, ta, ta, ta, na sikuwa nimewahi kuona mtu anaogopa jibu lake mwenyewe namna ile.

"Boila," akasema. "Namba 1391. Hugongwa pale, juu ya mlango wa tanuri."

"La nini?"

"Lilikuwa la Blodwen."

Nadhani alihisi nitampiga, maana alirudi nyuma hatua moja. Lakini aliendelea. Alisema Blodwen mwenyewe alishakatwa yadi nyingine, mwaka 1961. Alipopata habari hiyo alikata tamaa. Kisha fundi mmoja mstaafu wa karakana akamweleza jambo ambalo kila fundi analijua, na dereva hulisahau: injini ikienda matengenezo makubwa, boila lake, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, hutolewa likapewa injini nyingine iliyo tayari. Blodwen alibadilishiwa boila miezi mitano baada ya kifo cha Elfed. Lile la zamani lilipachikwa kwenye mgongo wa injini nyingine, na hakuna aliyekumbuka ipi.

"Ndani ya boila, juu kabisa kwenye kuba, ndiko iliko vali ya mvuke, ile inayofungwa na mkono wa dereva," akasema. "Kama ilikuwa na hitilafu, kama ilikuwa haikalii mahali pake, nitaiona. Injini za wilaya hii zote siku hizi huja hapa. Nimeshakagua tisini na sita."

"Kwa hiyo ulikuja kuomba kazi kwa ajili hiyo."

"Ndiyo."

"Na ukilipata boila, ukakuta vali ni nzima?"

Vidole vyake vilifunga, vikafungua. "Basi nitajua ni mimi."

"Si ulisema ulifunga? Uliapa mbele ya watu."

"Niliapa. Mkono wangu huu unaniambia niliufunga, Gethin. Unaniambia kila siku. Lakini mkono ni wangu. Haufai kuwa shahidi."

Niligeuka nikaondoka. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilikasirika, kwa sababu kwa miaka tisa nilikuwa na hakika, na mtu mwenyewe niliyemhukumu hakuwa nayo. Ilikuwa kama amenipokonya kitu changu.

Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kuangalia. Sikuwa namsaidia, hapana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikipewa injini ya kukata, kabla sijawasha gesi nilipangusa juu ya mlango wa tanuri kwa kiganja cha glavu. Nikitumwa kuchukua mtungi, nilipita njia ndefu. Na Jumanne ya pili ya Machi, kwenye safu ya mwisho karibu na ukuta wa bahari, ndani ya injini moja fupi ambayo shakwe walikuwa wameigeuza choo, nilipangusa nikaona moja, tatu, tisa. Nilisita. Nikapangusa tena. Moja.

Kwenye ubavu wa injini Ossie alikuwa ameshachora msalaba mweupe. Maana yake Alhamisi inakatwa.

Nilirudi kwenye kazi yangu na siri hiyo. Prosser alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ananishikia kamba, hajui. Niliwaza: nikinyamaza siku mbili tu, moto utapita pale, vipande vitapakiwa kwenda kuyeyushwa, na yeye ataendelea kupiga magoti ndani ya masizi mpaka afe. Wazo hilo lilinipa raha kidogo, kisha nikajionea aibu.

Nilipotoka kazini nilikwenda kwa Nesta. Alikuwa anageuza keki za zabibu kwenye kikaango cha chuma, na jiko lote lilinukia siagi. Mwanawe Aled, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alikuwa hajarudi kutoka kiwandani.

"Kaa, kaka. Mbona umesimama kama mtoza kodi?"

Nikamweleza yote, kuanzia brashi ya waya hadi namba. Nilitegemea alie, au anifokee kwa kumtaja mtu yule nyumbani kwake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kuzigeuza keki, na alipomaliza alizigeuza tena, mpaka zikaanza kuungua.

"Nesta, zinaungua."

"Nimeziona." Akasogeza kikaango. "Mwonyeshe."

"Una hakika?"

"Mwonyeshe, Gethin. Kesho. Asubuhi. Na msilikate boila mpaka nifike saa ya chakula cha mchana."

"Ufike? Wewe uje yadini kufanya nini?"

"Chukua keki hizi upeleke nyumbani," akasema, akanigeuzia mgongo.

Asubuhi ya Jumatano nilimwambia Prosser, kwa maneno machache kama ya kazi: "Safu ya mwisho. Ya tatu kutoka ukutani." Alielewa papo hapo. Aliacha kamba ikaanguka, akaanza kutembea, kisha akakimbia, mzee mzima na viatu vizito vya kazi, akiruka reli. Ossie alipiga kelele kuuliza nani kafa. Nikamwambia tutalipa muda huo jioni, nikachukua spana kubwa na tochi ya gesi.

Ilituchukua asubuhi karibu yote. Nati za kuba zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazikata moja moja. Prosser alikuwa kando yangu juu ya boila, hatulii, anapanda, anashuka, ananiambia taratibu, ananiambia haraka. Karibu na saa sita tulisukuma mfuniko ukaanguka chini kwa kishindo, na shakwe wakaruka wote. Tukachungulia. Vali ilikuwepo, na mafuta yake meusi bado yameganda juu yake. Aliingiza mkono mpaka begani, akaifungua kwa kupapasa, akaitoa, akaipangusa kwa shati lake.

Ilikuwa nzuri. Uso wa vali ulikuwa laini kama sahani. Nikaona anaigeuza nyuma, anasoma, midomo inacheza. Akanipa. Kwenye chuma kulikuwa na namba ndogo zilizogongwa, mwaka wa kutengenezwa: 1963.

"Waliibadilisha," akasema. "Hii ni mpya. Hii haikuwemo."

"Ile ya zamani?"

"Iliyeyushwa. Imekuwa sufuria ya mtu." Akaketi juu ya boila, miguu pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza mikono yake ilikuwa kimya kabisa. Sikuipenda. Ilikuwa afadhali ikihangaika.

Hapo ndipo nilipomwona dada yangu anakuja kati ya safu, amevaa koti lake la kwenda kanisani na viatu visivyofaa matope, na Ossie nyuma yake anamsihi avae kofia ngumu.

"Shukeni," akasema Nesta. "Siwezi kuongea nikiangalia juu."

Tulishuka. Alisimama mbele ya Prosser, karibu kuliko nilivyowahi kumwona akimkaribia kwa miaka tisa.

"Umekuta nini?"

"Hakuna," Prosser akajibu. "Imebadilishwa. Samahani, mama. Sina la kukuambia."

"Mimi ninalo." Alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Wiki moja kabla ya kufa, Elfed alikuja nyumbani anacheka. Akaniambia, leo Blodwen alitaka kunila. Amesimama, dereva hayumo hata ndani, ameshuka kuwasha sigara, na yeye kasogea mwenyewe. Elfed akaruka. Akasema Blodwen ana tabia hiyo, kila mtu anaijua, ukiwa chini inabidi umwangalie kama ng'ombe mkali."

"Wiki moja kabla," Prosser akarudia.

"Hukuwa wewe siku hiyo. Alikuwa dereva mwingine."

"Mbona hukusema?"

"Mtu mmoja wa ofisini alikuja kabla ya uchunguzi. Mtu mpole sana, na kofia mkononi. Aliniambia, mama Gronow, ikijulikana kwamba mumeo alijua injini ina hitilafu na bado akaingia katikati, itahesabika ni kosa lake mwenyewe, na wewe na watoto hamtapata kitu. Nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wawili."

"Na mimi nilikuwa na wangu," Prosser akasema. Sauti yake haikupanda. "Binti yangu alipigwa mawe akitoka shule."

"Najua. Aled wangu alikuwa mmoja wa waliorusha."

Niliangalia chini. Aled hakuiokota chuki ile barabarani. Nilimfundisha mimi, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye meza ya dada yangu, na dada yangu alikuwa anasikia na kuondoa sahani.

"Ulikuwa unavuka barabara," Prosser akasema.

"Nilikuwa siwezi kukutazama."

"Nilidhani ni chuki."

"Ingekuwa chuki ningelala usingizi."

Prosser hakumsamehe. Watu waliosikia kisa hiki baadaye walipenda kusema walikumbatiana pale. Hapakuwa na kitu kama hicho. Prosser aliondoka akaenda mpaka kwenye uzio, akarudi, akaenda tena. Tulimwona akipita kati ya injini, anatokea, anapotea. Ossie alitazama saa yake lakini hakusema kitu, na kwa Ossie hiyo ni sala. Alipotusogelea mara ya tano au ya sita, alisimama.

"Utayasema haya kwenye karatasi?"

"Nitayaandika leo," Nesta akasema. "Wakitaka kuchukua walichonipa, waje wachukue na makochi."

Aliandika kwa ofisi ya reli, mimi nikapeleka posta. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, mistari mitatu: suala hilo lilishafungwa na halitafunguliwa upya. Sahihi ya chini haikusomeka.

Prosser alipoisoma barua hiyo alicheka kidogo, akairudisha kwenye bahasha. Nilidhani yameishia hapo. Ni Nesta aliyekataa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, badala ya kwenda nyumbani alikwenda klabu ya watu wa reli, mahali ambapo wanawake walikuwa hawaingii upande wa kaunta. Alituburuta mimi na Prosser. Ukumbi ulikuwa umejaa madereva na wachochea moto wa zamani na bia zao za mchana.

"Mama, upande wa akina mama ni huko," mtu akasema.

"Sikuja kunywa." Akasimama katikati, akayarudia maneno yote ya Elfed, pamoja na la ng'ombe mkali. Kisha akauliza, "Nani mwingine alijua?"

Mtu alikohoa. Niliona wazee wanaangalia povu la bia zao. Nilianza kumvuta mkono dada yangu tuondoke, ndipo mzee mmoja mfupi, mchochea moto wa zamani aliyeitwa Cadwgan, akaweka glasi yake chini.

"Mimi nilijua," akasema. "Nilimwambia fundi mara mbili. Akasema atamwangalia Blodwen akipata nafasi. Na nilimsikia Wyndham akiapa kwenye uchunguzi, nikakaa kimya, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimebakiza miaka sita tu kufika pensheni."

"Na mimi," akasema mwingine aliyekuwa karibu na dirisha, bila kugeuka.

Wawili tu. Wengine, baadaye, walidai hawakuelewa swali. Prosser aliwatazama wale wawili kwa zamu. Nilimngojea aseme kitu, angalau awatukane, maana alikuwa na haki. Alimwambia Cadwgan, "Asante," kama mtu aliyepewa chenji, akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, kwenye jua kali.

"Niliufunga," akaniambia. "Gethin, niliufunga."

"Uliufunga," nikasema. Nikamwomba radhi, vibaya. Akatikisa kichwa. Sijui kama alikubali au alikuwa ananiambia ninyamaze.

Niliongea na Aled wiki ileile. Akauliza sasa tumchukie nani. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Prosser kuomba radhi kwa yale mawe. Binti hakuwepo, alikuwa ameolewa Swansea. Prosser alimpa anwani ya binti, akamwambia amwandikie yeye mwenyewe, anayemdai ni yeye, si baba.

Wyndham alikaa yadini mpaka Septemba. Lile boila nililikata mimi. Yeye hakuja kuangalia. Hakutulia hata hivyo. Mchana aliendelea kutembea kati ya safu, bila brashi, bila chaki, na nilipomuuliza anatafuta nini tena, alisema hajui, miguu imezoea. Kisha akapata kazi ya kuendesha gari la maziwa huko huko Swansea, karibu na wajukuu. Siku ya kuondoka alipita dukani, Nesta akiwa anatoka na kapu lake. Walisimama upande mmoja wa barabara, wakaongea kuhusu bei ya viazi na mvua, dakika mbili labda, kisha kila mmoja akashika njia yake.